Nani anaandika majina ya watoto wanaokesha ku ziwa?

Wazazi wetu wa Baraka, wadogo zetu, wananchi wenzetu wa Mwemezi, Kalundja, Katanga, Mutambala na ng'ambo ya Ubwari,

Munatujua. Tukiandika hapa, mara nyingi ni juu ya barabara, ni juu ya maji, ni juu ya bariere ambako mtu analipa bila kupewa karatasi. Leo tunaandika juu ya jambo ambalo hakuna mtu analifanyia tamko, juu linazungumziwa ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, saa ya watu kulala. Mtoto wa miaka 15 ameenda ku ziwa. Saa 8 ya usiku upepo umeamka. Mama amekaa mlangoni na simu mkononi, anapiga namba ambayo haiiti.

Kila mtu wa hapa anajua majuma ya giza yanavyokuwa. Mji wenyewe uko gizani, kila nyumba na tochi yake ao kipano chake cha jua, halafu ukigeuka upande wa ziwa unaona mataa, mengi, yamepangana toka ndani ya ghuba yetu mpaka mbele ya Ubwari, sawa vile kule njo kuna mji na huku njo kuna pori. Wageni wanapenda sana kupiga hiyo picha. Hawajui kama chini ya kila taa kuna watu, na kati ya hao watu kuna mwanafunzi ambaye saa moja na nusu ya asubuhi anatakiwa kuwa kwenye mstari wa bendera.

Tueleze kazi yenyewe, juu kuna vijana wa mjini wanaotusoma toka Bukavu, Goma ao Kinshasa ambao wanakula ndagala bila kujua inatoka wapi. Ndagala wanafuata mwanga. Njo maana wanavuliwa usiku, na si usiku wowote, ni usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa, mwanga unaenea juu ya maji yote, samaki hawakusanyike tena chini ya taa, na wavuvi wanabaki pwani karibu juma nzima kushona nyavu. Mwezi ukipungua, wanarudi. Zamani taa ilikuwa ile ya petroli ya kupampu, ilikuwa inalia sawa nyoka; siku hizi ni ampule za betri, na zimeleta hasara moja ambayo hakuna mtu aliifikiria: zinawaka mpaka asubuhi bila kuchoka, kwa hiyo na watu hawachoke. Ao tuseme, hawana ruhusa ya kuchoka.

Mtoto akishaingia mu kazi hii, hafuati tena kalenda ya shule, anafuata ya mwezi. Waalimu wa sekondari wanajua vizuri kabisa. Kuna majuma ambayo benchi za nyuma zote zinalala, kisha yanakuja majuma ambayo zinaamka. Wengine wanafikiri ni uvivu. Wangeangalia juu mbinguni wangeelewa.

Na kazi anayopewa si ya kuvuta wavu kama mwanaume. Anachota maji yanayoingia mu mtumbwi. Anaangalia taa. Anashika kamba. Anachagua samaki. Anatafutwa yeye juu ni mwepesi, analala kidogo, na hasa hana mdomo. Asubuhi, mwenye wavu anatoa kwanza mafuta ya motere, anatoa betri, anatoa matengenezo, na kinachobaki kinagawanywa kwa watu wa mtumbwi. Mtoto hayumo mu hesabu hiyo. Yeye anapewa "kitu". Leo ni beseni ndogo ya ndagala, kesho ni noti mbili zilizolowa, kesho kutwa anaambiwa hakukuwa samaki, rudi usiku. Mukitaka kujua kama kazi ni ya kweli ao ni utumwa wenye taa, ulizeni swali moja tu: mtoto huyu alijua mshahara wake mbele ya kupanda? Sisi tuliuliza pwani. Hatukupata hata mmoja aliyejua.

Tumekaa na wamama. Wengine njo mama zetu wenyewe, wengine ni mashangazi, wengine wanauza ndagala kavu sokoni na wana watoto kwenye mitumbwi ile ile inayowauzia. Tulitaka kusikia wanaogopa nini, na tulifikiri watasema maji. Walisema maji, ndiyo. Wakati ya kiangazi, upepo wa kusini ukishuka, ziwa letu linakuwa bahari, na mtoto anayejua kuogelea pwani hajui kuogelea usiku katikati ya mawimbi na nguo zimelowa. Lakini walisema mengine ambayo sisi hatukuyatarajia.

Mmoja alisema: "Miye siogopi ziwa sana. Naogopa vile anarudi. Anarudi na macho ya mtu mzima." Mwingine alisema mtoto wake tangu alete faranga za kwanza hakubali kutumwa tena, ukimwambia kata kuni anakuangalia sawa vile unaangalia mpangaji mwenye deni. Kuna aliyeogopa pombe ya viroba wanayopewa juu ya baridi. Kuna aliyeogopa watu wenye bunduki wanaosimamisha mitumbwi usiku na kuomba chao, juu mtu mzima anajua kunyamaza mbele ya bunduki, na kijana wa miaka 15 hajui. Na kuna mmoja, huyu hatumsahau, alisema hajui jina la mwenye mtumbwi. Anajua tu pwani. "Kama hakurudi, nitaenda kuuliza nani?"

Hatukuwa na jibu. Njo maana tunaandika.

Wababa wengi wanaongea tofauti. Wanasema: mimi nilianza ziwa nikiwa na miaka 12, nilivua na baba mdogo, na leo niko mzima, nimeoa, nimejenga. Tunawaheshimu, na hatusemi wanadanganya. Ila tuwaombe waangalie vizuri neno moja ndani ya hiyo sentensi yao: baba mdogo. Ninyi mulipanda mtumbwi wa mjomba, wa baba mdogo, wa jirani aliyekula harusi ya mama yenu. Kama mungezama, yule mtu angelala wapi? Angeangalia familia machoni namna gani? Leo mtoto anapanda mtumbwi wa patron asiyemjua, ambaye pengine yuko Uvira ao Kalemie, na mkubwa wa mtumbwi ni mfanyakazi kama yeye. Ile kamba ya undugu iliyokuwa inamlinda mtoto imekatika, na hakuna kamba nyingine iliyofungwa mahali pake. Tena samaki wenyewe si wa wakati wenu. Munasema ninyi wenyewe kila siku kama ndagala zimepungua na kama lazima kwenda mbali zaidi. Tanzania walifunga uvuvi upande wao wa ziwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wapumzike. Watu hawafungi ziwa lililojaa. Kwa hiyo usiku mmoja wa leo ni mrefu kuliko usiku wenu, na beseni ni ndogo kuliko beseni yenu.

Sasa, kwa nini wanaenda? Hapa tunaomba mutulie, juu watu wanajibu haraka sana: ni simu, ni nguo, ni muziki, ni wasichana. Kuna hiyo, hatukatai, na sisi tulikuwa na miaka 16. Lakini angalieni umri. Mbona wengi wanaanza miaka 13, 14?

Elimu ya bure ilianza Septemba 2019. Ni jambo zuri, tulilipigia kelele na tukalipata, na Katiba ya 2006 ilikuwa imeliandika zamani mu article ya 43: shule ya msingi ni lazima na ni bure kwenye shule za serikali. Ya msingi. Mtoto anasoma bure mpaka mwaka wa sita. Anafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anafaulu, nyumba inafurahi, wanachinja kuku. Kisha anaingia mwaka wa saba na karatasi ya minervali inaanza kuja. Kwa hiyo umri ule ule ambao serikali inamwachia mzazi mzigo wote, njo umri ule ule ambao mabega ya mtoto yanaanza kufaa kwa kasia. Si ajali. Mzazi hana, shule inafukuza, na mtumbwi unamngoja pale chini, mita mia tano toka darasani. Anafukuzwa saa tatu ya asubuhi, saa kumi na moja ya jioni yuko majini, anatafuta faranga za kurudi mu darasa ambalo atalala. Tunaita hiyo kusoma.

Halafu vita. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, watu walitawanyika, wengine walifika mpaka kwetu Fizi, na nyumba iliyokuwa na watu sita ikawa na watu kumi. Munajua bei ya unga. Mu nyumba ya namna hiyo, mtoto anayeleta beseni ya ndagala asubuhi haulizwi sana alilala wapi.

Na hapa tuseme kitu ambacho wazazi hawatakipenda. Usiku munaogopa, tunaamini. Lakini asubuhi munapokea. Mama yuleyule aliyekesha mlangoni anachukua ile beseni, anaiosha, anaweka mafuta kwenye sufuria, na hofu ya usiku inaisha na harufu. Hatumlaumu mwenye njaa. Tunasema tu kama mtoto anaona. Anaelewa kama usiku anakatazwa na asubuhi anashukuriwa, na mtu mwenye akili akipewa amri mbili anafuata ile yenye chakula ndani. Mama akikataa usiku, basi asubuhi aseme: asante mwanangu, tumekula, lakini nani alikulipa, alikulipa ngapi, na uliahidiwa ngapi? Swali hilo tu, linaulizwa kila asubuhi, lingetisha wenye mitumbwi kuliko mahubiri mengi.

Sheria iko, musifikiri hakuna. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumweka mtoto kazini mbele ya kutimiza miaka 16, na kati ya 16 na 18 inamruhusu kazi nyepesi tu. Kazi ya masaa marefu na kazi ya usiku inaziweka pamoja na zile mbaya kwa mtoto. Na usiku ni nini? Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema ni toka saa 1 ya jioni mpaka saa 11 ya asubuhi. Yaani zile saa kabisa ambazo mataa yako yanawaka mbele ya Baraka. Walioandika walikuwa na akili. Ila sheria hizi zinalala mu makabati, na hatujaona mtu akishuka nazo pwani jua likizama.

Kuna wadogo zetu ambao wakisoma mpaka hapa watacheka. Watasema yale waliyotuambia uso kwa uso, pale chini ya parasoli tunapouzia unite: "Yaya, ninyi mulisoma. Muko wapi?"

Ni swali zito, na tulikaa kimya kwanza. Kati yetu kuna wenye lisanse za ualimu, za sheria, za maendeleo ya vijijini. Tumepeleka madosie mpaka mafotokopi yanatumaliza faranga. Tunashinda na diplome ndani ya sanduku na mashati mazuri yaliyopauka. Mtoto wa miaka 15 anayetuona kila siku hana sababu ya kuamini kama algebra inalipa kuliko ndagala. Hatutamdanganya kama shule inaleta kazi. Hatuna hiyo kazi ya kumwonyesha.

Tunamjibu hivi. Mdogo wetu, sisi kukosa kazi si kosa la algebra. Ni kosa la watu tunaowaandikia kila juma kwenye ukurasa huu, na tunaweza kuwaandikia juu tulijifunza kuandika. Yule patron anapokuambia hakukuwa samaki, yeye iko na kaye, ameandika kila kilo. Wewe huna. Ukimaliza miaka mitano ku ziwa bila shule, utakuwa mvuvi mzuri, mwenye mgongo mbaya, unayefanya kazi mu kaye ya mtu mwingine. Hatukuambii uache ziwa. Ziwa ni letu, babu zetu wamekula humo, na mvuvi si mtu mdogo. Tunakuambia usiingie humo usiku, bure, ukiwa na miaka 14, huku mwenye taa analala kitandani.

Na wasichana? Tumeulizwa, na kweli mataa ya ziwa yanawaficha. Wao usiku wao uko pwani: wanauza chai na maandazi kwa wavuvi, wanangoja mitumbwi alfajiri ili wapate samaki wa bei ya kwanza, wengine wanasambaza chupa mu manganda mpaka usiku mkubwa. Hatari yao si upepo, ni mwanaume anayesema samaki ziko, lakini tuelewane. Wote munajua tunaongea nini. Hiyo itakuwa na tamko lake yenyewe, na litaandikwa na dada zetu wa muvoma, si na sisi kwa nafasi yao.

Kuna wanaotaka dawa ya haraka. Wanasema polisi washuke pwani, wakamate watoto wote, wazazi walipe amende, mambo yaishe. Tunapinga. Tunajua namna inavyokwenda: mtoto anakamatwa, mama anauza kitenge ili amtoe, deni la nyumba linazidi, na juma linalofuata mtoto anapandia pwani nyingine, ya mbali, ambako hakuna hata mtu mmoja anayemjua. Mwenye mtumbwi hajagusika. Ao mtoto anaacha ziwa kabisa na anashika barabara ya Misisi, kwenda ku dhahabu. Munakumbuka Kamituga, Septemba 2020: mvua ilinyesha, mashimo yakajaa, watu makumi wakabaki chini. Kumfukuza mtoto toka kwenye maji ili aingie chini ya udongo, hiyo si ulinzi.

Basi tunaomba nini? Tulibishana sana kati yetu juu ya hili, na tuseme ukweli hatukumaliza kwa sauti moja. Wengine walisema: sheria inakataza usiku kwa kila mtoto chini ya miaka 18, tuombe sheria, nukta. Wengine walisema: sheria imekataza tangu 2009 na mitumbwi inajaa, tukingoja serikali ifike, tutazika watu. Wa kwanza wakajibu kama ukianza kuwaandika watoto mu kaye, umehalalisha. Ni hoja nzito na bado inatuuma. Lakini kilichotushinda ni Kituku.

Tarehe 3 Oktoba 2024, bato Merdi ilipinduka pale Goma, karibu na bandari ya Kituku, ikitoka Minova, mchana, watu wakiangalia toka ufukoni. Kisha kila mmoja akatoa hesabu yake. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema waliopanda walikuwa 278 na waliokufa 78. Upande wa Kivu ya Kaskazini wakatoa namba nyingine, ndogo kuliko hiyo. Familia zikabaki zinatembea ufukoni na picha kwenye simu. Mchana kweupe, mbele ya mji mkubwa, hawakujua walipanda wangapi. Sasa mutuambie mtumbwi unaoondoka Baraka saa kumi na mbili ya jioni na watu kumi, kati yao watoto wawili ambao rasmi hawapo, juu rasmi ni marufuku kuwa humo. Ukipinduka, patron atasema walikuwa wanane. Na atakuwa na haki, kwa karatasi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, hata kama hautupendezi wote. Chini ya miaka 16, hakuna kupanda, hata na ruhusa ya baba, hata wakati wa likizo. Wenye mitumbwi tunawajua, tutaenda kwao nyumba kwa nyumba, na atakayeendelea tutapeleka jina lake ku meya na ku parke, kwa barua iliyopokelewa na kutiwa stempe. Wa miaka 16 na 17, serikali ilipaswa kuwakataza usiku na kuwapatia kazi ya mchana. Mpaka siku itafanya hivyo, hakuna kupanda usiku wa siku ya shule, na usiku mwingine hakuna kupanda bila jina kuandikwa, namba ya simu ya mzazi, jina la mwenye mtumbwi, jile ya kuokoa mwilini, na faranga zilizosemwa mbele ya watu wawili kabla motere haijawaka. Jile moja ni bei gani mbele ya wavu mmoja? Mwenye kununua motere asituambie hana.

Ku shule tunaomba kitu kidogo na kigumu. Musifukuze watoto juu ya minervali mu majuma ya giza. Munajua mukifukuza wakati huo munawapeleka wapi. Pokeeni kidogo kidogo, na komite za wazazi zikae na maprefe kupanga kalenda ya malipo inayofuata samaki, sawa vile wakulima wanavyolipa baada ya mavuno. Mwalimu naye anakula na hizo faranga, tunajua, serikali haimlipi vizuri. Hatutaki njaa ihame toka nyumba ya mwanafunzi iende ya mwalimu.

Na ku serikali: sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inahesabu mwaka wa saba na wa nane ndani ya elimu ya msingi ya kila mtoto. Basi bure ifike mpaka hapo. Miaka miwili. Mtoto angefika miaka 14 bila deni, na mabega yake yangengoja. Wabunge waliochaguliwa Fizi watuambie kama wamewahi kusimama na kuomba hii Kinshasa. Tutawaandikia wote, na majibu tutayaweka hapa, pamoja na kimya.

Ku wazazi, hatuna amri ya kuwapa, ninyi njo mulituzaa. Tunawaomba mujue majina matatu tu mbele ya jua kuzama: la mwenye mtumbwi, la mkubwa wa mtumbwi, na la pwani watakayorudia. Mtoto akikataa kuyasema, basi hajui, na kama hajui, asiende.

Giza la mwezi linaanza juma linalokuja. Kuanzia siku ya pili, saa kumi ya jioni, tutakuwa pwani, wawili wawili, na kaye na biki. Tumegawana zamu mpaka mwezi utakaporudi. Kaye italala kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye amekubali, na mzazi yeyote anaweza kugonga mlango saa yoyote ya usiku kuuliza kama jina la mtoto wake limo. Wenye tochi nzuri walete, zetu mbili betri zimekwisha. Na wenye mitumbwi ambao hawatataka tuandike, tutasimama tu pale na kuhesabu vichwa.